Nani Kakutuma?

Usijitie hamnazo. Uliiona. Siku uliyokwenda kumjulia hali mgonjwa wako, ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo kando ya kitanda: kisanduku cheupe, taa ya kijani, mrija unaoingiza dawa mshipani tone kwa tone. Ilipopiga kelele ulikunja uso ukamwita muuguzi. "Jamani, si mlizime dude hili, mtu apumzike!" Iliponyamaza ukashusha pumzi, ukageukia dirishani. Hukuuliza imenyamaza kwa nini. Umeshapata ulichotaka, uulize nini? Basi kaa kitako. Habari hii ni ya pampu moja iliyonyamaza, na hutaondoka mpaka uisikie.

Iliingia kwenye karakana ilikotengenezwa ikiwa hai. Muuguzi aliyeileta alikuwa ameipakata kifuani kama mtoto mchanga, mrija bado unaning'inia.

"Nimeambiwa niizime, nimekataa," alisema, hata salamu hakutoa. "Sijagusa kitufe. Iko vile vile ilivyokuwa yule mama alipokata roho. Ila betri inaisha."

"Mama gani?"

"Wa kitanda cha dirishani. Dawa ya moyo. Nimepita pale, nikarudi, nikapita tena. Taa ya kijani. Maandishi yapo. Nikajua mambo shwari." Akaukusanya mrija unaoning'inia. "Kumbe nilikuwa napita kwenye maiti."

Aliyempokea alikuwa fundi wa programu, mwanamke wa makamo ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi. Jina lilianza siku binti wa kaka yake alipoingia anakimbia, analia, "Shangazi! Shangazi!" huku kiatu kimoja kimepotea, toka hapo hata Bosi, anayemzidi umri, akamwita hivyo hivyo. Kaka mwenyewe alikuwa akikaa dawati la pembeni yake. Ndiye aliyeandika programu ya kwanza ya pampu hizi. Homa ilimchukua wakati wa mvua zilizopita. Koti lake lilikuwa bado nyuma ya mlango, maana kila mmoja alidhani mwenzake ataliondoa, na mlango ulipofunguliwa liliinua mikono kidogo, kisha likaishusha.

Shangazi aliiweka pampu mezani. Aligusa mota: baridi. Aliutazama mrija: hakuna tone. Kwenye kioo, kwa herufi safi, palikuwa pameandikwa INAENDELEA.

Bosi alifika akiwa na karatasi mkononi. Nyuma yake alikuja mpimaji wa karakana, mtu wa mizaha aliyeitwa Miwani kwa sababu alikuwa na jozi mbili, moja usoni na moja kichwani, na siku zote alikuwa akiitafuta mojawapo.

"Miwani, ichungulie. Imekwamia wapi?"

Miwani alichomeka waya, akatazama kompyuta kidogo tu. "Kwenye kipande cha kuzungusha mota. Ndicho kimeshikilia."

"Kipande hicho aliandika nani?"

Macho yakaenda kwenye koti nyuma ya mlango. Muuguzi peke yake ndiye aliyemtazama kila mtu usoni, kwa kuwa hakujua.

"Mungu amlaze pema," Bosi alisema. "Shangazi, rekebisha hapo, andika kosa ni la marehemu, tia sahihi. Gari liko uani. Pampu nyingine zilizoletwa kukaguliwa zinarudi wodini leo."

"Na marehemu hakati rufaa," Miwani alisema, akacheka peke yake, kisha akaona hakuna aliyecheka naye.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Programu ya mashine kama hii ni vipande vidogo vinavyotumana. Kipande kikuu kinakituma cha dozi; cha dozi kinakituma cha mota. Kila kimoja kinapotuma kingine, kinaacha kwenye kumbukumbu ya mashine anwani ya kurudia: ukimaliza, rudi hapa. Anwani hizo zinapandana kama sahani chafu, ya mwisho ikiwa juu. Mashine ikikwama, fundi analifumua rundo hilo kutoka juu, sahani kwa sahani. Kipande cha juu anakiuliza: nani kakutuma? Akishapata jibu, anashuka kwa huyo aliyetuma, anamuuliza vile vile. Mvivu anaishia kwenye sahani ya kwanza. Anamkuta aliyetumwa mwisho, mikono yake bado iko kazini, anapiga yowe: huyu hapa muuaji! Si ndivyo tulivyozoea? Daraja likianguka tunamfunga mchanganya zege. Mtoto akifa wodini tunamfukuza muuguzi wa zamu. Aliyepunguza saruji na aliyepunguza wauguzi tunawapa viti vya mbele kwenye mazishi. Ninyi mmesahau. Wapo wasiosahau.

Shangazi hakuandika kitu. Alimjua kaka yake. Kipande cha mota kilikuwa kinangoja sensa, kile kihisi cha mwendo wa mota, iseme "mzunguko umetimia". Sensa ikifa, kitangoja mpaka kiama, na kaka alilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana aliweka mbwa. Mafundi wanakiita mbwa mlinzi: kihesabio kidogo kilicho ndani ya chuma, ambacho kipande kikuu sharti kikilishe ishara kila mara. Kipande kikuu kikikwama, mbwa anakosa chakula, na akikosa chakula anabweka: king'ora kinalia, taa inageuka nyekundu, muuguzi anakuja mbio. "Mimi siiamini mota, Dada," kaka alikuwa akimwambia. "Namwamini mbwa mwenye njaa."

Basi mbwa alikuwa wapi mama yule akifa?

"Nipe muda," alimwambia Bosi.

"Muda wa nini? Izime, uende na—"

"Ukiizima, kumbukumbu yote inafutika."

"Ndiyo hivyo. Na sisi tupumzike."

Muuguzi akasogea, akaweka kiganja chake juu ya kitufe cha kuzimia, akakifunika. Bosi alimtazama, akatazama saa yake, akatoka kwenda kuhimiza wapakiaji.

Shangazi alianza kuikamua kumbukumbu ya pampu kuiingiza kwenye kompyuta yake. Betri ilikuwa ukingoni. Safu za tarakimu zikaanza kupanda kwenye kioo cha kompyuta, na hapo akakumbuka kitu alichokuwa amesahau.

Namba za mashine zinaandikwa kwa tarakimu na herufi chache tu za mwanzo, A mpaka F. Kwa herufi hizo huwezi kuandika maneno mengi. Kaka alipata moja. Kabla pampu haijaanza kazi, programu yake ilikuwa inajaza neno hilo kila mahali patupu palipotengewa rundo, kama mtu anayepaka chokaa sakafuni ili aone nani atakanyaga. Zamani Shangazi alimcheka. "Huna kazi wewe!" Sasa lilikuwa linapanda kwenye kioo, mstari baada ya mstari, kutoka ndani ya kisanduku kilichomwacha mtu afe kimya kimya.

DADA DADA DADA DADA
DADA DADA DADA DADA

Nyuma yake mlango ulifunguka kwa upepo, koti likainua mikono. Hakugeuka. Alijua akigeuka hatamaliza.

"Shangazi, kuna nini?" muuguzi alimuuliza.

"Naitwa," alijibu. "Nisubiri."

Akalifumua rundo. Cha mota, nani kakutuma? Cha dozi. Cha dozi, nani kakutuma? Kikuu. Vizuri, wote wamekaa pao, hakuna mgeni. Ndipo akaenda upande wa pili, kule ambako rundo lilikuwa limeshaisha, kwenye uwanja mtupu wa chokaa.

"Huko kuna takataka tu," Miwani alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Rundo limeishia kwenye mota. Huko ni mabaki ya waliopita."

"Hao hao ndio nawataka."

Kipande kinachomaliza kazi hakifuti nyayo zake. Kinaondoka, zinabaki, mpaka mwingine azikanyage. Na kwenye chokaa ya kaka palikuwa na nyayo. Za saa ya ndani, kipande kinachohesabu muda, alizitarajia: saa inamkatiza yeyote, inahesabu, inaondoka. Lakini saa ya kaka ilikuwa inahesabu tu. Haikuruhusiwa kumtuma mtu. Hapa nyayo zilikwenda mbali kuliko zilivyopaswa, na katikati yake palikuwa na anwani ya kurudia ndani ya saa. Saa ilikuwa imetuma. Akaitafuta anwani ile, akaona ilimtuma nani.

Saa ilikuwa inamlisha mbwa.

Kipande kikuu kimekwama, mota imekufa, mama wa watu anatweta gizani mwa moyo wake. Na saa, ambayo haikwami kamwe, inapita inamtupia mbwa mnofu. Mbwa ameshiba. Mbwa amelala. INAENDELEA.

Kumbukumbu ilikuwa imeshaingia yote kwenye kompyuta. Na pale pale kioo cha pampu kikafifia, maandishi yakayeyuka, taa ya kijani ikazimika. Muuguzi aliondoa kiganja chake kwenye kitufe polepole, kama anayefumba macho ya mtu.

"Sasa ndiyo amekufa," alisema.

Shangazi aligeuka. "Miwani. Kaka hakuandika hiki."

Miwani alivua miwani ya usoni. Ile ya kichwani ikateleza ikamfunika macho, na kwa mara ya kwanza haikuchekesha.

"Nani kakutuma?"

"Shangazi, wee..."

"Nimekuuliza, nani kakutuma?"

"Walikuja wanunuzi. Pampu ikabweka katikati ya maonyesho, sensa ilikuwa imelegea. Bosi akasema kelele hiyo sitaki kuisikia tena maishani mwangu. Nikahamisha ulishaji, nikauweka kwenye saa. Kitu kidogo, Shangazi. Haikubweka tena. Wakapiga makofi."

"Kaka alikuwa wapi?"

Miwani alilitazama koti. "Tulikuwa tumetoka kumzika. Hata udongo ulikuwa bado kwenye viatu vyangu."

Bosi aliporudi alikuta pampu nyingine mezani, nzima, imeshushwa kutoka kwenye gari, mrija wake unadondosha maji kwenye glasi. Shangazi hakumweleza kitu. Alichomoa waya wa sensa mbele ya macho yake.

Mota ilisimama. Tone la mwisho likaanguka. Taa ya kijani. INAENDELEA.

Wakangoja. Bosi, Miwani, muuguzi, Shangazi. Hakuna kilicholia. Kimya kile kilikaa nao chumbani kama mtu wa tano. Muuguzi alianza kulia bila sauti, akiitazama taa ya kijani.

"Umemaliza?" Bosi aliuliza. Alikuwa amekwepesha macho, anaikunja karatasi yake. "Zikipiga kelele, hospitali zinazirudisha. Wagonjwa wanalalamika, ndugu zao ndio usiseme. Tia sahihi."

"Ya kumsingizia kaka yangu? Hupati."

"Miwani atatia."

Na Miwani akatia. Shingo upande, kalamu ikiteleza kwa jasho, lakini akatia. Injini ikanguruma uani. Gari likaondoka na shehena ya visanduku vyeupe, kila kimoja na mbwa wake aliyeshiba.

Shangazi alikaa. Akamtoa mlishaji kwenye saa, akamrudisha kwenye kipande kikuu, pale kaka alipomweka. Akaiingiza programu kwenye pampu iliyobaki mezani, waya wa sensa ukiwa bado umechomolewa. Akawasha.

Ikabweka. Ilipiga yowe mpaka vioo vikatetemeka, taa nyekundu ikimulika koti nyuma ya mlango.

"Zima!" Bosi aliziba masikio. "Zima hiyo!"

Shangazi alilichukua koti, akalivaa. Akaipakata pampu inayolia, akatoka nayo, muuguzi bega kwa bega naye. Wakapita uani, wakashika barabara ya hospitali, mchana kweupe. Watu walitoka madukani wameziba masikio.

"We mama, si uzime! Unatutoboa ngoma!"

Alisimama mbele ya huyo aliyesema, pampu ikipiga yowe kati yao. "Nani kakutuma?" alimuuliza. Yule mtu akatoa macho. Hakuwahi kufikiri kwamba naye katumwa.

Swali hilo ni lako wewe. Maana Miwani alitumwa na Bosi, Bosi akatumwa na wanunuzi, wanunuzi wakatumwa na ndugu wa mgonjwa waliokunja uso wakasema kizimeni. Fumua mpaka mwisho uone umekaa sahani gani.

Shangazi ni mmoja, wodi ni nyingi, na gari limeshafika. Inuka. Usiseme kesho. Nenda kwenye kile kitanda ulichokipa kisogo. Mwite fundi wa hospitali, mwambie alete pampu kama ile, isiyofungwa kwa mgonjwa, achomoe waya wa sensa mbele yako. Simama hapo usikilize. Ikinyamaza, usitoke wodini mpaka zote zimeondolewa. Wakikuuliza umetumwa na nani, wape jina la mama wa kitanda cha dirishani, hulijui, kaliulize. Nyanyuka sasa hivi.