Ngumi ya Adelina

Majira ya baridi ya mwaka 1973, Leokadia alimvisha bintiye Adelina soksi mbilimbili, akapanda naye treni pale Bredäng kwenda kwenye mazoezi ya viungo. Mtoto alikuwa na miezi saba na shingo bado haijakaza. Alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo ukaumia, na ngumi yake ya kushoto haikuwa imefunguka tangu siku ile.

Gunvor, mtaalamu wa viungo, alimlaza juu ya mpira mkubwa, akamkanda mkono kuanzia begani mpaka kidole gumba kikalegea. Ngumi ikafunguka. Kiganjani ikatoka sauti ya Leokadia, ya chini, kwa Kiswidi kilichonyooka:

"Samahani, dada. Naomba uje. Mtoto ameacha kucheza."

"Ni wewe huyo," alisema Gunvor.

"Ni mimi. Siku ya uchungu."

Wakaendelea na mguu.

Kwao Bukoba, Leokadia alifundwa kwamba mwanamke hapigi kelele akijifungua, asije akaaibisha ukoo. Basi siku ile wodini aliita alasiri nzima kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Wakunga waliwakimbilia waliopiga mayowe.

Daktari wa wodi ya wazazi aliitwa, akainama, akaisikiliza ngumi mara mbili.

"Sauti ni yako, sibishi," alisema. "Lakini mama, ungepaza."

Uamuzi ambao wodi ilitoa baada ya uzazi ule ukabaki ulivyokuwa: hakuna aliyekosea. Daktari akawapa mkono, akaenda zake.

"Kwani wao hawana masikio?" aliuliza mumewe, Evodius, wakati wa chakula. Uji wa mtoto ukapoa mezani.

Gunvor alikuwa ameonya kwamba mkono usipofunguliwa kila siku utakakamaa moja kwa moja. Kwa hiyo kila jioni Leokadia aliufungua, kidole kwa kidole, akaisikia sauti yake ikiomba. Ilimuuma kila mara. "Nakuja, mama," Leokadia alimjibu mtoto.

Theluji ilipoyeyuka, alikuwa jikoni akikaanga ndizi aliposikia kutoka sebuleni: "Samahani, dada." Hakuna aliyeugusa mkono ule. Leokadia akaacha kikaango motoni, akakimbia, mbio ambazo wale wa wodini hawakumkimbilia.

Adelina alikuwa amelala chali, kiganja wazi, akivitazama vidole vyake.

Leokadia akaketi sakafuni, akalia. Alilia polepole, majirani wa ghorofa ya chini wasisikie.