Kilio Kilichotoka Leeds

Mzee Gaudence hakuambiwa. Hilo ndilo lililokuwa kubwa katika nyumba ile ya Grand Prairie, Texas, na mambo mengine yote yalipita kando yake kwa kunyata. Daktari alisema ini limekwisha. Alisema polepole, kwa Kiingereza cha upole, akimtazama mgonjwa machoni. Clara, binti wa mgonjwa, naye nesi, akamgeuzia baba yake maneno mengine kabisa: kwamba ini limechoka, linataka kupumzishwa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akauliza kama litakuwa limepumzika kufikia Desemba, maana migomba yake kule Kamachumu haikuwa imepogolewa tangu aondoke. Clara akasema litakuwa limepumzika.

Prudensia, mkewe, alikuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu, lakini uso wa yule daktari haukuhitaji mkalimani. Walipofika nyumbani alimfuata Clara jikoni, akafunga mlango, akamwambia aseme. Clara akasema. Wakalia kidogo, bomba la maji likiwa wazi ili mzee asisikie, kisha wakakubaliana kama wanavyokubaliana watu wa kwao: mgonjwa haambiwi. Aachiwe Desemba yake. Tangu siku hiyo Prudensia akawa ndiye mlinzi wa Desemba. Kila asubuhi, akimnywesha mumewe uji, alizungumza naye habari za safari, koti lipi litafaa kwenye ndege, nani aachiwe ufunguo. Alikuwa mwanamke mwenye subira, na hiyo kazi ilimla subira yote aliyokuwa nayo.

Mtu mmoja tu wa nje aliambiwa, naye ni Abigail, binti wa Clara. Abigail alikuwa Uingereza na kundi la maigizo. Walikuwa wanazunguka na mchezo wao mji kwa mji, wiki hapa wiki pale, Norwich, Cardiff, sasa Leeds, na kila mji alimpigia bibi yake simu kumweleza ukumbi ulivyo: viti vyekundu vya kukunja, pazia zito kama godoro, na vikongwe wa Kizungu ambao katikati ya mchezo taa zikiwashwa hununua aiskrimu kwenye vikopo vidogo, wakaila hapo hapo vitini wakisubiri wenzao waendelee kufa jukwaani.

Katika mchezo huo Abigail alikuwa mjukuu anayemlilia babu yake. Mwanzoni, Prudensia alipoambiwa kwenye simu, hakupendezwa.

"Na unamlilia kila siku?" akauliza.

"Kila siku, Bibi. Jumatano na Jumamosi mara mbili."

"Mara mbili kwa siku, mtu ambaye hajafa. Huko Ulaya mna machozi ya kuchezea."

Lakini mjukuu akamsihi amfundishe jinsi wanawake wa kwao wanavyolia, kwani mkuu wao alikuwa hataki kilio cha kujifunika uso na kitambaa. Prudensia akakataa, siku ya pili akakubali. Akamweleza kuwa mikono hukaa kichwani, si usoni. Kwamba kilio kina maneno, unamuuliza aliyekufa amekuacha na nani, nani atakuita jina lako alivyokuwa akikuita yeye. Na kwamba husimami mahali pamoja, unakwenda na kurudi kama uliyepoteza kitu chini. Abigail akayachukua yote, akayapeleka jukwaani.

Ikatokea Jumamosi moja ukumbi wa Leeds ukarusha mchezo huo moja kwa moja kwenye mtandao, ili walio mbali nao waone. Clara alilipia, akaweka kwenye televisheni ya sebuleni, halafu akaenda kulala kwa sababu alikuwa ametoka zamu ya usiku. Mzee naye alikuwa amelala chumbani kwake. Kule Leeds ilikuwa jioni, Grand Prairie mchana wa jua kali. Prudensia akakaa peke yake mbele ya televisheni, sauti ameipunguza, simu mkononi.

Yale mazungumzo ya Kiingereza yalimpita. Alisubiri tu. Abigail alipotoka, kichwa amenyoa, kaniki imefungwa kiunoni, Prudensia aliinua simu akaanza kurekodi. Na mtoto akalia. Alilia kwa Kiswahili, mikono kichwani, akienda na kurudi. Babu, babu yangu, umeniacha na nani. Ungeningoja, babu, nilikuwa njiani. Prudensia alisogea karibu na televisheni, maana maneno hayo ya njiani si yeye aliyemfundisha. Alijua pale pale kwamba mtoto haigizi. Mchezo ulikuwa uendelee mpaka mwezi wa sita, hakuna wa kumshikia nafasi, na babu yake hana miezi hiyo. Alikuwa anamlilia sasa, mahali ambapo watu walikuwa wamelipa kumwona akilia, kwa sababu hapo hakuna ambaye angemnyamazisha.

Prudensia akafuta macho. Halafu, na hili ndilo alilolijutia, akaona fahari. Kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Bukoba waishio Texas wenzake walikuwa kila siku wakituma wajukuu zao, huyu na joho, yule na kombe la mpira. Yeye hakuwahi kutuma kitu. Akaituma ile video. Kuandika kulikuwa kunamchukua muda, herufi alizitafuta moja moja kama mchele wenye mawe, kwa hiyo akaona aseme kwa sauti: huyu ni wetu, yuko jukwaani Uingereza. Kabla hajabonyeza, mzee akaita kutoka chumbani. Alikuwa amejichafua, naye alikuwa anaona haya. Prudensia akaiweka simu kwenye chaji jikoni, akaenda.

Akamwosha, akabadilisha mashuka, akampaka mafuta miguu iliyovimba. Mzee akamwambia kwamba Desemba ni bora washukie Entebbe kuliko Dar, ni karibu zaidi na nyumbani. Prudensia akasema ni kweli. Akakaa naye mpaka akasinzia, naye akasinzia kitini kwa saa mbili tatu.

Sasa, watu wa Bukoba wana adabu yao. Ukisikia msiba, humpigi mfiwa simu kumuuliza ni kweli? Kumuuliza ni kumfanya atamke kwa kinywa chake. Unanyanyuka, unakwenda. Na walioiona ile video wote walikuwa wanamjua Abigail, wanamjua babu yake, na wanajua alivyo mgonjwa. Hakuna aliyekuwa na desturi ya kwenda kuangalia maigizo. Mtoto aliyenyoa kichwa akilia babu yangu umeniacha, tena video imetumwa na bibi mwenyewe bila neno, ni nini kingine? Kule Mesquite, mji jirani, wanawake walipika, wakafunga khanga na kubeba masufuria. Missouri City, kule Houston, familia mbili ziliingia kwenye magari zikashika barabara kuu kuja kaskazini, mwendo wa saa nne na ushee. Simu ya Prudensia ilikuwa jikoni, imezimwa sauti kwa ajili ya usingizi wa Clara.

Wa kwanza kufika walikuwa Ma Saada na mumewe Twalibu, kutoka Mesquite. Kwao haibishwi hodi kwenye nyumba yenye msiba. Kilio huanzia njiani. Ma Saada alishuka garini, akaweka mikono kichwani, akaanza pale pale kwenye saruji mbele ya gereji.

"Ta Gaudence, kaka yangu, umetuacha na nani?"

Prudensia alishtuka kitini. Akageuka. Macho ya mumewe yalikuwa wazi.

"Hiyo ni sauti ya Saada," mzee akasema. "Ananililia mimi?"

Prudensia alisema amesikia vibaya. Alisema apumzike, akaona aibu ya neno lenyewe likimtoka, akakimbia kwa miguu yake mibovu mpaka mlangoni. Clara alikuwa amemtangulia, na nguo za kulalia, nywele timutimu, akiwa amewashika wageni mikono akiwaeleza chini chini. Ni mchezo. Ni theatre, anti, Abigail yuko kazini, ndiyo kazi yake, Baba yupo, jamani, yupo ndani. Ma Saada alinyamaza kama redio iliyochomolewa. Gari la tatu lilikuwa linaegesha. Clara akasema, "Nita-text kwenye group sasa hivi," akaandika, lakini wa Houston walikuwa barabarani na wenye kuendesha hawasomi.

Wangeweza kuondoka. Prudensia aliomba moyoni waondoke. Lakini chakula kilikuwa kimeshashushwa, na kutoka chumbani sauti ikasema aletwe sebuleni, kuna wageni. Clara akaingia, akajaribu kumtuliza, akatoka akitikisa kichwa. Wakamleta kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, manjano ya ugonjwa yamejaa machoni.

Akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa kama kumi, wamekaa kando ya kuta, wanawake na khanga zao za msibani. Clara akaeleza tena, kwa sauti kubwa ya uchangamfu, kisa chote cha Leeds na video na wa Houston walio njiani, akacheka mwishoni. Alicheka peke yake.

Mzee akamgeukia Twalibu. Hao wawili walikuwa watani, ukoo kwa ukoo, tangu wakiwa na kaptula. Huyu Muislamu, yule Mkristo, na haikuwapo siku waliyokutana bila kutukanana. Mtani kwao ndiye anayeruhusiwa kumcheka maiti mbele ya jeneza. Kitu kama hiki, mtu kuja kuzika akamkuta maiti anaomba chai, Twalibu angekitumia miaka kumi.

"Sema basi, Twalibu," mzee akasema. "Umepoteza mafuta ya gari bure. Nitukane."

Twalibu alifungua kinywa. Kila mtu alikuwa anamtazama, na Prudensia alimwomba kwa macho: sema lolote, mwite mzimu, mwambie jeneza utalipa wewe. Akatazama ile miguu iliyovimba, akatazama zulia.

"Pole, Ta Gaudence," akasema.

Chumba kizima kilisikia. Mzee akalivuta blanketi magotini. Kisha akamwita Clara, naye akaja, akapiga magoti mbele yake kama alivyolelewa.

"Daktari alisema nini?"

"Baba, nilikuambia."

"Uliniambia ulichotaka kuniambia. Yeye alisema nini?"

Clara aliinua uso kumtafuta mama yake. Prudensia alitaka kusema kitu, chochote, habari za Entebbe, habari za koti. Badala yake akatazama kando, na kwa kutazama kule kando alijua kwamba amekwisha kujibu. Clara akaweka kichwa kwenye magoti ya baba yake, juu ya blanketi, na mzee akamwekea mkono kisogoni, mkono mwepesi, wa ngozi na mifupa.

"Hawa wa Houston wamefika wapi?" akauliza.

Mtu akatazama simu yake, akasema wamepita Corsicana, imebaki saa moja.

"Msiwarudishe. Waje." Halafu akasema, "Twalibu, nisogeze karibu na dirisha, wewe na mimi tuzungumze. Wengine nendeni mkale."

Watu wakanyanyuka haraka, kama wanaoondolewa mvuani. Prudensia akaenda jikoni, walau apashe chakula, walau ashike kitu. Akachukua sufuria la ndizi. Ma Saada akalitoa mikononi mwake taratibu, bila kumtazama. Jikoni mlikuwa mmejaa. Huyu anaosha vikombe, yule amefungua kabati anatafuta chumvi, na kila alipoenda alikuta kazi imekwisha kuchukuliwa. Kwenye kona, karibu na mashine ya kufulia, walikuwa wametandika mkeka wa mfiwa. Labda waliutandika kabla ya kuambiwa, labda baada, hakuna aliyeuondoa.

"Kaa, Ma Prudensia," Ma Saada akasema.

"Sijafiwa, Saada."

"Najua, dada. Kaa tu."

Wakamkalisha. Mwingine akamfunika khanga mabegani, mwingine akakaa ubavuni pake na kunyoosha miguu, kama wanavyokaa msibani. Kutoka sebuleni alisikia sauti ya mumewe, ya chini, akimuuliza Twalibu jambo, na Twalibu akijibu kwa neno moja moja. Akatega sikio asipate hata neno. Akaweka kiganja chini ili ajiinue aende kwake, na mkono wa Ma Saada, uliokuwa umelowa maji ya vyombo, ukamgandamiza bega, akabaki pale.