Kadi Niliyoirudisha Makangale

Tangu uchaguzi wa tisini na tano, hapa Makangale hakuna anayeitikia salamu yangu. Mimi ni askari wa msitu wa Ngezi, mshahara wa serikali na kadi ya chama cha serikali, na kijiji kizima ni upinzani. Basi nikasusiwa. Dukani siuziwi hata kibiriti. Mke wangu Kijakazi alipokufa kwa saratani ya tumbo, kaka yake Jaribu alikuja na watu wake wakambeba, na mimi mume sikuachiwa hata nafasi ya kutia bega kwenye jeneza. Nilifuata nyuma peke yangu. Hilo sijalisamehe, nasema wazi.

Mwaka uliofuata, Daktari Arwa, aliyemtibu Kijakazi, aliniita hospitali ya Chake Chake. Kipande cha tumbo la Kijakazi kilihifadhiwa kwenye nta, kikapelekwa mbali kuchunguzwa. Akanieleza taratibu. Mwilini mna protini inayozizuia seli zisizaane ovyo. Ya Kijakazi ilikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Na zile protini za joto, ambazo seli huzitoa ikipata mashaka ili isife, zilijaa tele, zikizilinda hata seli za saratani.

"Ubovu wa ile ya kwanza hurithiwa," alisema. "Mama yake alikufa kwa nini?"

"Tumbo."

"Ana ndugu?"

"Mmoja tu. Jaribu."

"Basi apimwe upesi. Huenda bado pana nafasi."

Nilikwenda kwa Jaribu nikapiga hodi mara tatu, mlango haukufunguliwa. Barua ya daktari niliyoipenyeza chini ya mlango niliikuta asubuhi njiani, vipande vipande. Muuguzi aliyetumwa alikuja na gari ya serikali, akafukuzwa. Ningeweza kunyamaza, na moyo ulinishawishi hasa. Lakini Jaribu ana macho ya Kijakazi, balaa hilo.

Jumamosi wapinzani walifanya mkutano uwanjani. Nikapanda jukwaani kurudisha kadi yangu ya chama cha serikali. Walishangilia mpaka vumbi likatimka. Kwa miaka minne sikuwa nimesikia jina langu likitajwa kwa mapenzi, na nakiri lilinikosha moyo. Anayerudisha kadi hupewa kipaza sauti aseme machache. Jaribu alikuwa amekaa mbele.

"Shemegi yangu Jaribu," nilisema, "maradhi yaliyomuua mamako na nduguyo huenda yamo katika damu yako. Nenda Chake kwa Daktari Arwa ukapimwe, wewe na wanao. N'lilokuja kusema ni hilo tu."

Mzee mmoja akaniuliza, "Kwani chama chetu hukitaki?"

"Sitaki chama cha ntu yeyote, mzee wangu."

Wakaninyang'anya kipaza sauti.

Wenzangu wa kazini nao wakaniita msaliti. Hata wale wawili waliokuwa wakinipitia kunywa chai hawaji tena. Jaribu alikwenda kupimwa. Uvimbe ulikutwa ungali mdogo, akapasuliwa, akapona. Hayo niliyapata kwa daktari, si kwake.

Juzi nilikutana naye njiani, amekonda, kamshika mkono bintiye. Nikamtolea salamu. Akanitazama, midomo ikacheza, kisha akaona watu wa barazani wanatuangalia. Akapita.

Nikajiitikia mwenyewe, kwa sauti, waalaykumu salamu, nikenda zangu.