Ulibaki Ujumbe wa Mwisho

Programu ile aliitengeneza Hemedi mwenyewe, mwaka ule majeshi mawili ya kigeni yalipopigana katikati ya Kisangani. Watu waliokimbilia Ubundu walituma habari zao kwa phonie, redio ya parokia, na karani Kavugho akaandika kila ujumbe kwenye faili lake peke yake, ndani ya disketi. Kazi ya programu ilikuwa nyepesi: unakokota faili kwa kipanya, unaliangusha juu ya kisanduku cha maandishi, na maneno yake yanatokea humo. Ukimaliza yote, unachapa karatasi moja ya kubandika mlangoni pa kanisa.

Hemedi aliijaribu kwa faili moja, ikakubali, akaenda zake.

Aliporudi alimkuta Kavugho ameinamia mashine. Kisandukuni ulikuwamo ujumbe mmoja tu. Hemedi akaelewa: kila faili lililoangushwa lilikuwa limefuta lililotangulia.

"Disketi iko wapi?"

"Niliisafisha, tonton, nikafuta zote. Nilizania zingine ziko juu, nikipandisha nitaziona."

"Bon, tuite Ubundu tena."

"Phonie, waaskari walibeba."

Mama Nyota, jirani yake Hemedi, akaingia na kifurushi cha safari. "Wananiambia mutoto wangu Hamadi alisema kwa phonie toka Ubundu."

Kavugho akainamisha kichwa. "Alisema, mama. Juu ya kuvuka muto. Ao uvuke umufuate, ao usivuke. Mabomu ilikuwa inalia, sikumbuki ni gani."

Mama akamgeukia Hemedi. "Papa Hemedi, ni weye ulitengeneza hii kitu. Itoe."

Hemedi akaketi. Kosa lilikuwa mstari mmoja: badala ya kuongeza maneno chini ya mengine, uliyaweka mahali pa mengine. Akausahihisha, mama akimtazama vidole. Akaangusha mafaili mawili ya majaribio. Yakakaa moja chini ya jingine, vizuri kabisa.

"Sasa inatumika," akasema, na papo hapo akaona haya.

"Na ya Hamadi?"

"Ile haiko tena, mama."

Mama Nyota hakulia. Akakielekezea kidole kioo cha mashine. "Alors, mumuandikie nimeisikia."

Hakuna aliyemwuliza itapitia phonie gani. Kavugho akaandika.

Mama hakuvuka siku ile. Kila asubuhi alikuja na kifurushi chake, akaketi kwenye benchi la parokia akiwatazama Hemedi na Kavugho, na jioni akakirudisha nyumbani.