Usiguse Saa Yangu

Fundi wa kompyuta alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya meneja, akichomeka waya wa kamera, na juu ya kichwa chake meneja akijizoeza kutabasamu mbele ya skrini. Ofisi nzima ilimwita Bwana Dakika, maana kila asubuhi alisimama mlangoni akiwavizia waliochelewa kama paka kwenye tundu la panya. Leo wakurugenzi wa ng'ambo wangemhoji. Akipita, tawi zima lingekuwa mkononi mwake.

"Mahojiano ni saa ngapi, bosi?"

"Saa saba kamili. Kalenda si hiyo hapo? Fanya haraka, na usiguse saa yangu. Nilirudi safari nikaikuta imepotea, nikairekebisha mwenyewe. Nyinyi mafundi mkishika kimoja mnaharibu viwili."

"Sitaigusa, bosi."

Akainuka, akafungua mipangilio ili aijaribu kamera. Akaona jambo. Saa ilikuwa sahihi, lakini ukanda wa saa ulikuwa bado ule wa nchi aliyotoka meneja, ulio saa moja mbele. Badala ya kuchagua ukanda wa nyumbani, Bwana Dakika alikuwa ameizuia saa isijipange yenyewe, kisha akairudisha nyuma kwa mkono. Kwa macho, mambo yote shwari. Ila kalenda haifuati saa ya kuchezewa, hufuata ukanda. Mwaliko wa saa sita ilikuwa ikiuonyesha saa saba.

Hapo ndipo alipomkumbuka dada yake, aliyewahi kufanya kazi ofisi hiyohiyo.

Walikuwa wa mama mmoja, baba mbalimbali, kwa hiyo hakuna aliyejua pale ofisini kwamba ni ndugu. Mwaka uliopita Bwana Dakika alirudi kutoka safari nyingine, akamrithisha dada kompyuta yake ya zamani, akijisifu kwamba saa ameshaipanga. Siku chache baadaye dada aliingia kwenye kikao cha mteja mkubwa wakati watu wanakunja karatasi. "Saa yangu ilikuwa sawasawa," alisema. Bwana Dakika akacheka mbele ya wote: "Kompyuta haidanganyi, mama. Mtu ndiye hudanganya." Dada akafukuzwa hapohapo. Hata mama yao, hadi leo, humtazama kwa jicho la pembeni na kumuuliza, "Hivi kweli, mwanangu, hukupitiwa na usingizi siku ile?"

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita. Kumwambia kungemgharimu pumzi moja tu.

Akafunga mipangilio. "Kamera iko sawa, bosi. Saa sijaigusa."

"Vizuri. Umeanza kuwa na adabu."

Akatoka, na kupitia ukuta wa kioo alimwona meneja akipangusa viatu, akinyoosha tai, akipiga soga kwenye simu. Saa sita ikafika, ikapita. *Ongea, baba, ongea,* fundi alisema moyoni, na maneno yakawa matamu mdomoni kama sukari guru. *Dada naye alikuwa akinywa chai yake kwa amani.*

Saa saba ilipogonga, jengo likatetemeka.

"Fundi!"

Skrini ilikuwa na ujumbe mmoja: tulikusubiri, tunataka maelezo kabla ya jioni.

"Umegusa saa yangu!"

"Ulinikataza, bosi."

"Basi kompyuta imenidanganya!"

"Kompyuta haidanganyi. Mtu ndiye hudanganya."

Bwana Dakika akakodoa macho. "Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa dada yangu. Yule uliyempa kompyuta yako, ukamfukuza kwa kosa la mkono wako. Mkuki kwa nguruwe, bosi."

Meneja akaketi taratibu. Aliposema tena, sauti ilikuwa imelegea. "Wewe ni fundi, binti yangu. Wakurugenzi watakuamini. Waeleze kwamba kosa hili linaweza kumpata mtu yeyote."

Katika ndoto zake za usiku, fundi alikuwa akijibu "la" na kuondoka. Lakini sasa aliona kwamba maelezo ya kumwokoa huyu ndiyo yaleyale ya kumsafisha dada. Hangeweza kuyazika bila kumzika na dada tena.

"Nitaeleza. Lililokupata wewe na lililompata dada, pamoja. Ila kwanza utampigia yeye. Kwa spika, mlango wazi."

Nje, vichwa vilikuwa vimeshachomoza juu ya meza. Meneja akabonyeza namba kana kwamba simu inamuunguza.

"Nani?" sauti ya dada ikajaa chumba.

"Ni mimi... meneja wako wa zamani. Nilitaka kusema, siku ile saa yako ilikuwa sawasawa. Kosa la ukanda lilikuwa langu."

Mtu akakohoa huko nje.

"Hebu rudia," dada akasema, "na upaze sauti. Mama yuko hapa, masikio yamemchoka."

Akarudia. Safari hii hata mlinzi wa getini alisikia.

Fundi akavuta kiti. "Sasa sogea, bosi, niiguse hiyo saa."