Neno Asilolisema

Pale idara ya hisabati, bahasha za watu waliodai wamefumbua mafumbo makubwa ya namba ziliishia mezani kwa mhadhiri mmoja, mwanamama asiyependa kumvunja mtu moyo. Wenzake wangezitupa. Yeye alizisoma, akitafuta mahali hoja ilipoteleza, kisha akamwandikia mhusika.

Kwa hiyo baba yake, mpima ardhi mstaafu, alipomletea kurasa zake, alizisoma kama za mtu mwingine yeyote. Mzee alidai amethibitisha kwamba kila namba shufwa inayozidi mbili ni jumla ya namba tasa mbili, jambo lililowatoa jasho wataalamu kwa karne nyingi. Hoja ilikwenda vizuri hadi ukurasa wa nne. Hapo alilichukulia kuwa kweli jambo lile lile aliloahidi kulithibitisha. Binti alimwonyesha taratibu, jikoni, wakinywa chai. Baba akatikisa kichwa kukubali, akashukuru, akakunja karatasi zake.

Wiki iliyofuata binti aliingia chumba cha walimu akakuta redio imeongezwa sauti na watu kimya. Baba yake alikuwa akimweleza mtangazaji kwamba kazi yake imekaguliwa na binti yake mwenyewe, daktari wa hesabu, naye hakuona dosari. Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Mkuu wa idara akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli.

Alikwenda nyumbani kwa wazazi, akamkuta baba sebuleni, kavaa koti la suti, akipokea simu za pongezi.

"Baba, nilikwambia ukurasa wa nne hausimami."

"Uliniambia mimi, hukuwaambia wao." Mzee aliweka simu chini. "Nilijua utanibeba, mwanangu. Mara moja tu."

"Watu wananiamini kwa sababu sijawahi kumbeba mtu."

Mzee alimjibu kwamba watu hao hawakumsomesha.

Binti alirudi ofisini, akapiga simu redioni, akasema hakuwahi kuikubali hoja ile. Walilisoma kanusho lake kabla ya taarifa ya habari.

Jioni mama alipiga simu. Baba kajifungia, hataki chakula, anasema mwanawe kamvua nguo mbele ya watu.

"Alinisingizia, mama."

Mama akasema alijua tangu mwanzo. Alikuwa amemsikia mzee chumbani, mbele ya kioo, akiyafanyia mazoezi maneno yale ya redioni, na yeye ndiye aliyempigia pasi koti.