Nyumba ya Kunong'ona

"Mbithe, huko kwenu kuna maiti ama?"

Kamanthe, jirani yetu, alikuwa ameegemea ua, akinitazama nikiosha sufuria moja moja kama mayai.

"Mama Nzau amelala," nilimjibu kwa sauti ya chini. "Alikuwa kazini usiku."

"Aiya! Hata maiti huliliwa."

Alicheka. Mimi nilishika sufuria nyingine, taratibu.

Mama Nzau, mwajiri wangu, alikuwa muuguzi hapa Machakos. Miezi michache kabla ya hapo hospitali ilimwambia achague: usiku tu, au zamu za kuzunguka, wiki ya mchana, wiki ya jioni, wiki ya usiku. Mumewe Ngui alikuwa mwalimu huko Katangi, akirudi nyumbani Ijumaa.

"Chagua usiku, Mukai," alimwambia mkewe. "Mwili huzoea."

"Wangu utazoea. Na mtoto? Nikizunguka atakuwa ananiona."

"Atakuona ukilala."

Mama Nzau akanigeukia mimi niliyekuwa nikipanguza meza. "Mbithe, wewe waonaje?"

Tangu niache shule darasa la sita, hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Nilitazama kitambaa mkononi. "Vile utaamua, Mama Nzau."

Akaamua kuzunguka.

Zamu za usiku zilipofika, mchana wetu ukawa usiku wake. Tulitundika blanketi dirishani. Kuku tukawapeleka kwa Kamanthe. Nzau, aliyekuwa na miaka minne, alipocheka nilimziba mdomo kwa kiganja, taratibu. Baadaye hakunihitaji, akawa anajiziba mwenyewe. Wageni walimsifu: mtoto mtulivu, mtoto wa baraka. Mama yake alifurahi kusikia hivyo.

Asubuhi moja upepo ulishuka kutoka milimani, ukazikunjakunja shuka kwenye kamba, nikakawia kuzinyoosha. Niliporudi jikoni, sufuria ya uji haikuwa mekoni. Ilikuwa sakafuni, imewekwa wima, vizuri, kama iliyowekwa na mtu aliyeogopa isilie. Nzau alikuwa amekaa kando yake. Uji ulimfunika mkono kutoka kiwiko hadi vidole, ukifuka mvuke. Mkono wa sweta wa upande mwingine alikuwa ameuuma kwa meno.

Nilimbeba hadi kwenye karai la maji. "Nzau, ngoja nimwite mama," nilisema, na hata hayo niliyanong'ona.

Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta wa chumba cha kulala.

"Usimwamshe."

Hapo nilipiga ukemi. Sikujua sauti ile nilikuwa nimeificha wapi.

Mama Nzau alitoka na leso, miguu mitupu, usingizi bado usoni, lakini mikono yake tayari ilikuwa kazini. "Maji! Mimina, usiache!" Mikono ile haikusimama hadi alipomwuliza mwanawe, "Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa umelala."

Mkono ulipona, ukabaki na kovu linalong'aa. Mama Nzau aliomba zamu za mchana tu, akapewa. Jioni alizorudi alikuwa akifungulia redio juu, akifunga milango kwa kishindo, akiimba.

Jumapili moja alipiga magoti mbele ya mtoto pale uani.

"Piga kelele, mwana wakwa, mwanangu. Kubwa, mpaka wa kule barabarani wasikie."

Nzau alitabasamu, akitaka kumfurahisha. Alivuta pumzi, akafungua mdomo wote, mishipa ya shingo ikasimama.

Tukangoja.